Udumifu wa Kanda na Diski za Video: Mtazamo kutoka Kamenu, Thika

Utangulizi

Magazeti ya Kiswahili ya Kenya hayachoki kutuarifu kwamba "kanda ya video" fulani imesambaa mitandaoni. Kitu kinachorejelewa hakina kanda yoyote ndani yake. Ni faili iliyorekodiwa kwa simu. Neno kanda, ambalo kwa asili ni wingi wa ukanda, lilizoeleka kama umoja katika miaka ambapo video ilikuwa utepe halisi uliozungushwa ndani ya kisanduku cheusi cha plastiki. Utepe umetoweka madukani, neno limebaki. Kwa mwanafunzi wa semantiki huu ni mfano mzuri wa upanuzi wa maana. Kwa mwenye kanda zenyewe kabatini, hata hivyo, swali ni jingine kabisa: je, kilichorekodiwa ndani yake kingalipo?

Makala haya yanalishughulikia swali hilo kwa kurejelea Kamenu, wadi ya mji wa Thika katika Kaunti ya Kiambu, yenye mitaa ya Makongeni na Kiganjo. Kamenu haikuteuliwa kwa sababu ya upekee wowote. Imeteuliwa kwa sababu hali yake inashabihiana na ya miji mingi ya viwanda ya Afrika Mashariki. Viwanda vya Thika vya nguo, ngozi, mafuta ya kupikia, magari na usindikaji wa mananasi viliwavuta wafanyakazi kutoka jamii nyingi, na watu hao walipooana au kuzikana, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wageni wa upande huu na wa upande ule. Picha za video zilizopigwa katika hafla hizo miaka ya 1980 na 1990 hazikukusudiwa kuwa data ya isimu. Lakini ndivyo zilivyo. Ndani yake mna hotuba za wazee, utani wa mfawidhi wa sherehe, nyimbo za akina mama na Sheng ya vijana wa wakati huo, vyote vikisemwa na watu ambao wengi wao hawapo tena kuhojiwa.

Inadhaniwa sana kwamba hatari iliyoko ni ya kanda peke yake, na kwamba familia iliyokwisha kuhamishia harusi yake kwenye diski imeokoka. Dhana hiyo haina msingi. Kama itakavyobainika, chombo kipya si lazima kiwe chombo cha kudumu zaidi, na kuna nyumba ambamo diski iliyochomwa mwaka 2004 imekufa ilhali kanda iliyoitangulia kwa miaka kumi bado inaonyesha picha.

Umbo la kanda na maadui wake

Mfumo wa VHS ulizinduliwa na kampuni ya JVC nchini Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Betamax ya kampuni ya Sony. Kanda ya aina ya E-180 ina utepe wenye upana wa nusu inchi na urefu wa takriban mita 258, ambao hutosha kurekodi kwa saa tatu. Utepe huo ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari, nao umeundwa kwa tabaka. Chini kuna plastiki ya poliesta, ambayo ni imara sana. Juu yake kuna chembechembe za oksidi ya chuma, ambazo ndizo zinazobeba picha kwa njia ya usumaku. Chembechembe hizo zimechanganywa ndani ya gundi ya poliyurethani inayozishika zisipukutike. Maisha ya kanda hutegemea kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, nacho ni gundi.

Gundi hiyo hufyonza unyevu wa hewa. Baada ya miaka mingi, maji huzikata molekuli zake ndefu vipande vipande, uso wa utepe ukaanza kunata na kuacha masizi ya rangi ya kahawia kwenye vichwa vya kusomea. Kanda za kitaalamu za vituo vya utangazaji zimeathiriwa zaidi na tatizo hili kuliko VHS za nyumbani, lakini hakuna iliyosalimika kabisa. Usumaku wenyewe, kinyume na hofu ya wengi, ni mstahimilivu. Watu wengi walionywa wasiweke kanda juu ya televisheni au karibu na spika, na onyo hilo si la uongo. Ila nguvu za sumaku hupungua upesi mno umbali unapoongezeka, na kanda zilizofutwa na spika ni chache zikilinganishwa na zilizoharibiwa na kuvu, vumbi na deki mbovu.

Kuhusu kuvu, mazingira ya nyumba yana usemi mkubwa. Wataalamu wa hifadhi hupendekeza kiwango cha joto cha nyuzi 18 hivi na unyevu wa takriban asilimia 40, tena usiobadilikabadilika. Nyumba ya mabati haiwezi kutoa mazingira hayo: mchana bati huchemka, usiku hupoa, na tofauti hiyo hujirudia kila siku ya mwaka. Mvua za masika za Machi hadi Mei huleta unyevu ambao hukaa ndani ya kisanduku cha kanda muda mrefu baada ya ukuta kukauka. Unyevu ukizidi asilimia 65 hivi kwa majuma kadhaa, kuvu huota kama unga mweupe kwenye kingo za utepe, unga ambao huonekana kupitia kidirisha cha kanda. Kanda ya namna hiyo ikitiwa kwenye deki, kuvu hubaki ndani ya mashine na kuambukiza kila kanda itakayofuata.

Ili kuelewa madhara ya vumbi, ni muhimu kufahamu jinsi picha ilivyoandikwa. Utepe husonga polepole, milimita 23 hivi kwa sekunde, lakini silinda iliyobeba vichwa vya kusomea huzunguka mara 25 kwa kila sekunde katika mfumo wa PAL uliotumika Kenya. Silinda hiyo imeinamishwa, kwa hiyo kila nusu-picha huandikwa kama mstari wa mshazari wenye upana wa karibu sehemu moja ya ishirini ya milimita. Chembe moja ya vumbi inatosha kuinua kichwa kutoka kwenye mstari wake, na matokeo ni ule mwale mweupe unaokatiza uso wa bibi arusi. Aliyerekodi kwa mwendo wa polepole ili saa tatu ziwe sita aliokoa pesa za kanda ya pili, lakini aliibana mistari hiyo ikawa myembamba zaidi, na hizo ndizo kanda ambazo leo husumbua kuzisoma.

Ripoti ya John Van Bogart wa National Media Laboratory nchini Marekani, iliyochapishwa mwaka 1995, ilikadiria kwamba kanda za sumaku huishi kati ya miaka 10 na 30, kutegemea ubora na hifadhi yake. Kwa kipimo hicho, kanda iliyorekodiwa mwaka 1992 imekwisha kupita kikomo. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba makadirio si hukumu. Kanda nyingi za umri huo bado huchezeka, na sababu yake imo katika tabia ya mfumo wa analojia: hauanguki ghafla, bali hufifia. Rangi hupauka, theluji huongezeka, sauti hupwaya, ilhali maneno ya msemaji bado yanasikika. Anayechunguza lugha, ambaye haja yake kuu ni sauti, anaweza kupata data kutoka kwenye kanda ambayo mwenye nyumba ameikatia tamaa kwa sababu ya picha.

Diski: upya usio uimara

Mfumo wa VCD, ulioafikiwa mwaka 1993, haukuwa na nguvu Ulaya wala Marekani, lakini ulienea kwa kasi Asia na Afrika. Nchini Kenya VCD ndizo zilizobeba vichekesho vya Kikuyu vya River Road, Nairobi, tasnia iliyokuja kuitwa Riverwood. Diski moja ilitosha dakika 74 hadi 80, ndiyo maana filamu moja ilihitaji diski mbili. DVD, iliyozinduliwa Japani mwaka 1996, ilikuja baadaye na kuisukuma VCD pembeni.

Hapa pana tofauti ambayo isipozingatiwa mjadala wote hupotoka, nayo ni tofauti ya diski iliyopigwa chapa kiwandani na diski iliyochomwa dukani. Ya kiwandani ina vishimo halisi vilivyofinyangwa kwenye plastiki ya polikaboneti na kufunikwa na alumini inayorudisha miale ya leza. Iliyochomwa haina vishimo. Ina rangi ya kikaboni ambayo leza huiunguza hapa na kuiacha pale, na rangi hiyo, kama rangi ya kitambaa kilichoanikwa, hupauka kwa mwanga na joto. Diski ya harusi iliyoachwa juu ya kabati linalopigwa na jua la alasiri inaweza kuwa tupu katika miaka michache. Nyingine ya aina hiyohiyo, yenye rangi bora na iliyofungiwa gizani, inaweza kudumu miongo. Mnunuzi hana njia ya kuzitofautisha kwa macho, na hili ni kosa la watengenezaji ambao jina la kampuni kwenye lebo halikuwa dhamana ya rangi iliyomo.

Jambo la pili ni mahali picha inapokaa. Watu huchunga sana upande unaong'aa na kuuandika kwa kalamu ya wino mkali upande wa lebo, wakiamini kwamba huo hauna kitu. Katika CD na VCD ukweli ni kinyume chake. Chini ya lebo hakuna ila utando mwembamba wa vanishi, kisha alumini yenyewe; upande unaong'aa ndio uliokingwa na plastiki ya zaidi ya milimita moja. Mkwaruzo wa upande wa chini huweza kusuguliwa, wa upande wa lebo hauna dawa. DVD ni tofauti, kwa kuwa tabaka lake limebanwa katikati ya sahani mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa, adui yake ni kuachana kwa gundi hiyo ukingoni. Aidha, diski hazijasalimika na kuvu: mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza habari za kuvu aliyechimba njia ndani ya diski iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu.

Tena VCD ina udhaifu wa kimaumbile usiojulikana sana. Kila diski hubeba hesabu za ziada ambazo mashine huzitumia kurekebisha makosa. Diski za kompyuta ziliongezewa tabaka jingine la hesabu hizo juu ya lile la muziki. Waliobuni VCD waliliacha tabaka hilo ili wapate nafasi ya picha. Kwa sababu hiyo mkwaruzo ambao faili ya kompyuta ingeustahimili huigandisha VCD katikati ya hotuba. Wala haififii kama kanda. Inakwenda sawasawa, inakwenda sawasawa, kisha inasimama.

La kusikitisha zaidi ni hasara iliyotokea siku yenyewe ya uhamishaji. VHS huandika nusu-picha 50 kwa sekunde. VCD huhifadhi picha 25 zenye mistari 288, kwa hiyo kila nusu-picha ya pili hutupwa. Familia iliyohamishia kanda yake kwenye VCD na kuitupa kanda ilibaki na nakala pungufu iliyoandikwa kwenye chombo dhaifu zaidi. Ilifanya hivyo kwa nia njema, na ililipia.

Deki kama sharti la usomaji

Kitabu hakihitaji mashine. Kanda haisomeki bila deki, na deki ina maisha yake, yasiyotegemea ya kanda. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, ilisitisha kazi hiyo Julai 2016. Sony ilikuwa imeacha kutengeneza mashine za Betamax mwaka 2002. Tangu hapo kila deki inayofanya kazi hupunguza idadi ya zilizobaki siku inapokufa. Mikanda yake ya mpira hulegea, vichwa vyake huchakaa, na vipuri vyake hupatikana kwa kuchinja deki nyingine.

Kwa kuzingatia hali hii, Shirika la Kimataifa la Hifadhi za Sauti na Picha, IASA, likishirikiana na mpango wa UNESCO wa Habari kwa Wote, lilitoa tahadhari mwaka 2019. Hoja yake ilikuwa kwamba kufikia mwaka 2025 hivi usomaji wa kanda za sumaku ungekuwa mgumu mno au usiowezekana kwa wengi, si kwa sababu kanda zote zitakuwa zimeoza bali kwa uhaba wa mashine na mafundi. Mwaka huo umefika na haukuja na kishindo chochote, kwani uhaba haubishi hodi. Mtu hutambua tu kwamba fundi aliyekuwa akitengeneza deki karibu na soko sasa anatengeneza simu, na kwamba televisheni bapa iliyonunuliwa juzi haina matundu ya nyaya za njano, nyekundu na nyeupe.

Sauti zisizo na nakala mama

Mwaka 1981 Thames Television ya Uingereza ilitangaza tamthilia ya televisheni yenye sehemu saba iliyotokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, The Flame Trees of Thika. Tamthilia hiyo imekwisha kuuzwa kwa VHS na kwa DVD, na ikihitajika tena itatolewa tena, kwa kuwa nakala zake mama ziko kwenye hifadhi za wenye mali. Hivyo basi Thika ya walowezi, tena iliyoigizwa, ina makao ya kudumu. Thika ya wafanyakazi wa viwandani, iliyojirekodi yenyewe bila waigizaji, imo kwenye kisanduku kimoja juu ya kabati la Makongeni. Nakala mama ya mpiga picha haipo: kanda za kamera zilikuwa ghali, na mara nyingi mpiga picha alipokwisha kumkabidhi mteja nakala yake, alirekodi harusi ya Jumamosi iliyofuata juu ya ileile.

Hali hiyo inaikabili pia fani ambayo wanafunzi wa fasihi simulizi wameanza kuitazama kwa makini, yaani usimulizi wa filamu za kigeni. Nchini Tanzania Derek Gasper Mukandala, ajulikanaye kama Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzitafsiri filamu kwa Kiswahili, akiingiza sauti yake kwenye kanda za VHS. Nchini Kenya DJ Afro amefanya hivyo kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, na kazi zake zilisikika katika vibanda vya video vya mitaani. Filamu yenyewe ya Hong Kong au Marekani haina hatari yoyote. Imehifadhiwa huko ilikotoka. Kilicho hatarini ni tabaka la Kiswahili lililowekwa juu yake: majina mapya ya wahusika, kejeli, methali zilizopachikwa katikati ya ngumi. Tabaka hilo halikuwa na hati rasmi, halikusajiliwa na mtu, na kwa kuwa wenye filamu hawakuombwa ruhusa, hakuna maktaba iliyokuwa na ari ya kulikusanya. Nakala ilinakiliwa kutoka kwenye nakala, na katika analojia kila kizazi hupoteza ukali wa picha na uwazi wa sauti. Mchunguzi akiibahatisha leo kanda ya namna hiyo, huenda akawa anasikiliza kizazi cha nne au cha tano.

Uhamishaji wa kanda

Uhamishaji unaofaa huanzia kwenye kanda ya awali zaidi iliyopo, si kwenye VCD iliyotokana nayo, hata kama VCD inaonekana safi zaidi. Kabla ya kuchezeshwa, kijino cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda huvunjwa ili isiweze kufutwa kwa bahati mbaya. Kisha kanda hupelekwa mbele hadi mwisho na kurudishwa mwanzo mara moja, ili utepe ulioshikamana kwa miaka mingi uachane na kujipanga upya. Deki husafishwa vichwa kabla na baada ya kazi. Ni busara kuanza na kanda isiyo na thamani: deki inayotafuna utepe hujulikana kwa kutafuna, na ni afadhali itafune filamu ya kukodi kuliko mazishi ya babu.

Faili inayopatikana huhifadhiwa mahali pasipopungua pawili, na angalau pamoja pawe nje ya nyumba hiyo. Nakala ya dijitali haipotezi kitu inaponakiliwa, na hiyo ndiyo faida yake pekee ya kweli. Yenyewe haidumu, inadumu kwa kunakiliwa. Kanda haitupwi baada ya hapo. Husimamishwa wima kama kitabu, ikiwa imerudishwa mwanzo, ndani ya jalada lake, katika chumba chenye giza na mbali na bati.

Kuna maelezo ambayo hakuna mashine itakayoyatoa. Lebo nyingi zimeandikwa "Harusi" na mwaka, basi. Anayezungumza ni nani, anatoka wapi, anatumia lugha gani na kwa nini umati unacheka, hayo yako vichwani mwa waliohudhuria. Kazi ya kuyaandika inafaa ifanywe picha ikiwa inatazamwa, mmoja akiuliza na mwingine akiandika, na kanda za kwanza kutazamwa ziwe zile ambazo mashahidi wake wamebaki wachache, hata kama utepe wake ungali mzima. Kanda zenye unga mweupe hutengwa ndani ya mfuko wa karatasi, wala hazigusi deki ya nyumbani, hadi zitakapofikishwa kwa mwenye mashine ya kuzisafishia.